Sare ya polisi itutambulishe anayeivaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie jambo linalozungumzwa kila mara polisi wetu wanapolaumiwa, nalo ni mwonekano wao. Wapo wanaosema kwamba kaki ya polisi wa Uganda imepitwa na wakati, wapo wanaotaka vikosi vya kutuliza ghasia vivuliwe zile nguo za mabaka ya bluu, na wapo wanaoamini kwamba polisi akipewa viatu vipya na shati lililopigwa pasi, wananchi watamheshimu upya. Nimefundisha shule hapa Jinja kwa muda mrefu na baadhi ya wanafunzi wangu wameivaa sare hiyo, kwa hiyo siyadharau maoni hayo hata kidogo. Hata hivyo naona tumekazania rangi tukaisahau kazi ya kwanza ya sare, ambayo ni kumwezesha raia aliyesimamishwa na mtu mwenye mamlaka kujua mtu huyo ni nani, ametumwa na nani, na akimdhulumu atamshtaki kwa jina gani.

Kwamba nguo humpa mtu nguvu juu ya wenzake ni jambo lililokwisha kupimwa. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Leonard Bickman, alichapisha majaribio aliyoyafanya katika mitaa ya Brooklyn, New York, ambako wapita njia waliamriwa na mtu wasiyemjua waokote mfuko uliotupwa chini, au wampe sarafu mtu mwingine aliyesimama kando. Amri hiyo ilipotolewa na aliyevaa nguo za kawaida au za muuza maziwa, wengi hawakujali. Ilipotolewa na aliyevaa sare ya mlinzi, waliotii waliongezeka sana, ingawa mlinzi hana mamlaka yoyote juu ya mtu anayejipitia barabarani. Sisi tunaliona hilo kila siku. Tangu milipuko ya Julai 2010 jijini Kampala, kila anayeingia benki au duka kubwa hufungua mkoba na kunyoosha mikono mbele ya mlinzi wa kampuni binafsi bila kuuliza neno. Utiifu huo umeokoa maisha, nami siupingi, lakini ni vyema tukumbuke kwamba tunachokitii kwanza ni kofia, mkanda na bunduki, kabla hatujamtazama mtu mwenyewe usoni.

Polisi wetu wana zaidi ya sura moja, na wananchi wamejifunza kuzisoma. Polisi wa usalama barabarani amevaa nyeupe, na kwenye barabara ya Jinja kwenda Kampala dereva wa takisi akiiona nyeupe hiyo kwa mbali huanza kupapasa mfuko wa shati. Ni jambo la kusikitisha kwamba rangi iliyochaguliwa ili ionekane vizuri imekuja kuhusishwa na kitu kidogo. Hata hivyo, nikipima kwa haki, huyu mwenye nyeupe ndiye anayejulikana kuliko wenzake wote: anasimama mahali pa wazi mchana kutwa, madereva wanalijua jina lake, wanaijua tabia yake, na akivuka mpaka wanajua wakamshtaki kwa nani. Wapo maafisa wa barabarani hapa Jinja wanaosalimiwa kwa jina na waendesha bodaboda, kwa sababu tu wamekuwa wakionekana mahali pamoja kwa miaka mingi.

Mwenye kaki tunamkuta kituoni. Kwake huenda mama aliyepigwa na mumewe, mzee aliyeibiwa ng'ombe, kijana aliyepotelewa na kitambulisho cha taifa. Mara nyingi anayekwenda huko hurudi akinung'unika kwamba ameombwa fedha za karatasi au za mafuta ya gari, lakini amekaa naye mezani, amemwona uso, na jina lake limeandikwa kifuani. Kuna malalamiko, na kuna mtu wa kulalamikiwa.

Mambo hubadilika anapokuja mwenye mabaka ya bluu, kofia ngumu, ngao na rungu. Wafanyabiashara hufunga milango kabla hajashuka garini. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye amefanya kazi zote mbili, aliniambia kwamba watu wale wale wa kituo cha biashara wanaomwita "Afande" kwa furaha akiwa na kaki, humkimbia akiwa na kofia ngumu bila kumtambua, na kwamba yeye mwenyewe, kioo cha kofia kikishateremshwa, huhisi kwamba hakuna anayemwona. Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Ni konstebo yule yule, mafunzo aliyapata Kabalye kule Masindi kama wenzake, kiapo alikula kile kile. Kilichobadilika ni kwamba jina lake limefunikwa na fulana ya kuzuia risasi na uso wake umekuwa kama uso wa wenzake wote waliopangwa naye mstari mmoja. Mtu akishajua kwamba hatambuliki, kizuizi kimoja kikubwa cha mkono wake kimeondoka.

Robert Peel alipounda polisi wa London mwaka 1829, alifikiria jambo hili. Waingereza wa wakati ule walichelea kuona askari wa mfalme wakizungushwa mitaani kuwasimamia raia, na kwa kuwa jeshi lao lilivaa nyekundu, polisi walivishwa koti la bluu na kofia ndefu ya kiraia, kila mmoja akiwa na namba yake kwenye ukosi. Mfano huo haukuletwa kwetu. Polisi iliyoanzishwa Uganda mwaka 1906 ilikuwa ya kikoloni, yenye bunduki na kaki, rangi iliyovaliwa na majeshi ya Waingereza makoloni, na kazi yake kubwa ilikuwa kuilinda serikali dhidi ya watu waliotawaliwa. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilishwa. Kaki ikabaki, pamoja na desturi ya raia kumtazama aliyeivaa kama mtumishi wa wakubwa.

Kisha tukafundishwa somo baya zaidi na wale waliokuwa hawavai sare kabisa. Wenzangu wa rika langu hawajawasahau watu wa State Research, idara ya usalama ya utawala wa Idi Amin, waliotambulika kwa mashati ya maua, suruali pana miguuni, viatu vya soli nene na miwani myeusi. Walimkamata mtu mchana, mbele ya watu, na hakuna aliyethubutu kuwauliza hati. Hadi leo wapo wazee ambao kijana mwenye miwani myeusi akiegesha gari mbele ya nyumba yao, mazungumzo hukatika. Utawala huo ulianguka mwaka 1979, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja operesheni zilizoitwa "panda gari", ambapo askari walizingira mitaa na kuwapakia watu kwenye malori, wengine wasirudi.

Hapo niongeze jambo linalowahusu wasomaji wa gazeti hili hasa. Waganda wengi, khususan wa kusini, waliisikia lugha yetu kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye buti na bunduki. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya kuamriwa kukaa chini. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 na Kiswahili kutambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili, sisi walimu tulifurahi, kisha tukaingia darasani na kukuta kwamba wazazi wengine hawataki watoto wao waisome lugha ya wanyang'anyi. Woga wa sare uliihukumu lugha nzima, pamoja na mashairi yake na adabu zake zote, na kazi ya kuisafisha imetuangukia sisi ambao hatukuwahi kushika rungu.

Narudi kwenye hoja yangu, kwa sababu mtindo wa kukamata watu bila sare haukuisha na Amin. Tarehe 16 Novemba 2005, watu wenye silaha waliovaa fulana nyeusi waliingia katika eneo la Mahakama Kuu jijini Kampala ili kuwakamata tena washtakiwa waliokuwa wamepewa dhamana, na nchi nzima ikabaki ikiulizana hao ni polisi, ni wanajeshi, au ni nani. Mwaka 2007 walizuka watu wenye fimbo, wasio na sare, wakipiga waandamanaji, na wananchi wakawaita kikosi cha kiboko. Tarehe 28 Aprili 2011, wakati wa maandamano ya kwenda kazini kwa miguu, watu waliovaa kiraia walivunja kioo cha gari la mwanasiasa wa upinzani, Dkt. Kizza Besigye, na kumnyunyizia dawa ya pilipili machoni, na picha hizo zikaonyeshwa dunia nzima. Novemba 2020, baada ya mgombea urais wa upinzani Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, kukamatwa Luuka na kuletwa hapa kwetu Jinja katika kituo cha Nalufenya, miji iliwaka moto, na katika siku zile mbili Kampala iliwaona watu wenye nguo za kiraia wakiwa na bunduki za kivita mikononi. Rais mwenyewe alitaja kwamba watu 54 walikufa. Miezi iliyofuata yakaja magari aina ya Hiace yasiyo na namba, ambayo wananchi waliyapa jina la "drone", na Machi 2021 Waziri wa Mambo ya Ndani, Jenerali Jeje Odongo, akawasilisha Bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa wamekamatwa, baada ya familia nyingi kuwatafuta ndugu zao vituoni kwa wiki kadhaa.

Nimeyataja haya kwa utaratibu kwa sababu kila mara polisi ndio waliotupiwa lawama, iwe walihusika au la. Mama ambaye mwanawe amechukuliwa na watu wasio na sare huenda kwenye kituo cha polisi, kwani ndipo anapopajua. Afisa wa zamu akimwambia kwamba hana habari naye, mama haamini. Huenda afisa yule anasema kweli. Lakini ukweli wake hauna msaada, maana serikali imeruhusu mtu yeyote mwenye bunduki na suruali ya jinzi afanye kazi ambayo Katiba imempa polisi. Vivyo hivyo Machi 2020, wanawake wachuuzi walipochapwa viboko katikati ya Kampala wakati wa vizuizi vya korona, waliohusika walikuwa wa LDU, vikosi vya ulinzi wa mitaa vilivyo chini ya jeshi, na jeshi likaomba radhi. Lakini ukiuliza leo katika soko lolote, wengi watakwambia walipigwa na polisi. Polisi mwema mwenye kaki analipa deni la watu ambao hata hawajui.

Sisi watu wa Jinja tunalifahamu hilo kwa uchungu wa pekee. Nalufenya kilikuwa kituo cha kawaida kando ya barabara, kisha kikageuzwa mahali pa kuwashikilia watuhumiwa wa kesi nzito, na mwaka 2017, baada ya mauaji ya Andrew Felix Kaweesi, afisa mkuu na msemaji wa polisi, picha za majeraha ya meya wa Kamwenge zikatuonyesha yaliyokuwa yakitendeka ndani. Inspekta Jenerali Okoth Ochola alikifunga kitengo kile Aprili 2018, naye anastahili shukrani kwa hilo. Lakini jina la mtaa wetu limebaki kuwa la kutishia watoto.

Sheria zetu, ukizisoma, ni nzuri. Kifungu cha 23 cha Katiba kinataka anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Sheria ya kuzuia mateso ya mwaka 2012 haikubali afisa ajitetee kwamba aliamriwa na mkubwa wake. Sheria ya utekelezaji wa haki za binadamu ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi na kumfanya mtumishi wa umma awajibike yeye binafsi kwa haki aliyoivunja. Sasa nauliza, na ninaomba wanasheria wanijibu katika gazeti hili hili: nitamshtaki binafsi mtu ambaye jina lake lilikuwa chini ya fulana ya risasi, uso wake nyuma ya kitambaa, na gari lake halina namba? Bunge limempa raia ufunguo, na mlango umeondolewa.

Wala serikali haiwezi kusema kwamba mavazi ni jambo dogo. Septemba 2019 ilitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba bereti nyekundu, iliyokuwa alama ya Kyagulanyi na wafuasi wake, ni vazi la jeshi ambalo raia haruhusiwi kulivaa. Ikiwa kofia ya kijana wa mtaa wa Kamwokya kule Kampala inaweza kuwa jambo la usalama wa taifa, basi mtu mwenye bunduki asiye na sare wala kitambulisho ni jambo kubwa kuliko hilo mara nyingi.

Wako watakaonijibu kwamba upelelezi hauwezi kufanywa kwa kaki, na hilo ni kweli. Askari kanzu wapo kila nchi, na mwizi wa magari hafuatiliwi na mtu mwenye beji. Ninachosema ni kwamba kupeleleza na kukamata ni kazi mbili. Mpelelezi aliyevaa kiraia akishafika hatua ya kumtia mtu pingu, awe na mwenzake mwenye sare, aonyeshe kitambulisho, ataje kituo anachompeleka. Wengine watasema kwamba polisi nao wanawindwa, na hapo siwezi kupuuza, kwa kuwa Kaweesi aliuawa pamoja na mlinzi na dereva wake asubuhi akitoka nyumbani, na kuna makonstebo waliouawa kwenye zamu kwa ajili ya bunduki zao. Ndiyo sababu nataka namba, ambayo wakubwa wake wanaijua ni ya nani, pale ambapo jina lingemhatarisha. Namba humlinda na adui yake, na pia humlinda raia.

Kuhusu kubadilisha rangi peke yake, tujifunze kwa waliotangulia. Mwaka 1969 polisi wa mji wa Menlo Park, California, waliacha sare za mtindo wa kijeshi wakavaa koti la kijani na tai, silaha zikiwa zimefichwa chini ya koti. Mwanzoni mambo yalionekana kuwa mazuri na miji mingine mingi ikaiga, lakini wakati ule ule mji huo ulikuwa pia umeajiri maafisa wenye elimu ya juu na kupunguza vyeo vya kijeshi, kwa hiyo haikujulikana sifa ni ya koti au ni ya watu. Na kufikia 1977 waliirudia sare yao ya zamani. Jirani zetu Wakenya nao waliwavisha polisi bluu mpya mwaka 2018. Vijana walioandamana kupinga Mswada wa Fedha wa 2024 walikutana na watu waliovaa kiraia, baadhi wakiwa wameziba nyuso, hata Mahakama Kuu mjini Nairobi ikalazimika kuamuru kwamba maafisa wanaosimamia maandamano wasifiche utambulisho wao. Amri hiyo ya mahakama, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko majora yote ya kitambaa cha bluu.

Sitaki nionekane kama ninawaonea askari wadogo. Nimeingia katika kambi ambazo konstebo na mkewe na watoto wanalala ndani ya kile kibanda cha mabati cha duara ambacho Waganda wamekiita "mama ingia pole", kinachochoma mchana na kuganda usiku. Mtu anayetoka humo akiwa na shati lililopauka na viatu vilivyopasuka hawezi kulaumiwa kwa mwonekano wake. Wananchi humcheka, naye anajua anachekwa, na aibu hiyo huishia kwenye mkono wake akipewa nafasi ya kumwamuru mtu. Serikali inayonunua mabomu ya machozi kwa wingi ina uwezo wa kununua viatu.

Ninachoomba kinaweza kuanza sasa. Kila afisa anayetumwa kutuliza ghasia awe na namba kubwa kifuani na mgongoni, juu ya fulana ya risasi, kama wachezaji wa mpira, ili mwendesha bodaboda aliye ng'ambo ya barabara aweze kuisoma na simu iweze kuipiga picha. Kitambaa cha usoni kikatazwe isipokuwa dhidi ya moshi. Gari lolote linalobeba mtu aliyekamatwa liwe na namba za usajili mbele na nyuma. Kila kituo kiwe na daftari linaloonyesha ni namba zipi zilitoka zamu siku hiyo na zilikwenda wapi, na wakili au ndugu wa aliyekamatwa aruhusiwe kulisoma. Na jeshi lirudi kambini, liache nguo zake za mabaka zisichanganyike na za polisi mitaani. Tulikuwa na majenerali wa jeshi wakiongoza polisi kuanzia 2001 hadi 2018, Katumba Wamala kisha Kale Kayihura, na mchanganyiko huo haujatuletea imani. Inspekta Jenerali wa sasa, Abas Byakagaba, aliyeteuliwa Mei 2024, amekulia ndani ya polisi na anajua thamani ya jina la afisa kuliko mimi. Amri ya namba mgongoni iko ndani ya uwezo wake bila kusubiri sheria mpya, na ninamwomba aitoe kabla vikosi havijatumwa tena barabarani.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Walukuba, Jinja.